Sponji Mpya ya Kiti cha Mzee

Zawadi za dukani zilipigwa marufuku na Mama mwenyewe, na Mama akishasema neno ndani ya nyumba yake, basi limesemwa. Chanzo kilikuwa sikukuu moja ya mwisho wa mwaka, ambapo binti yake mkubwa alileta televisheni pana kama mlango, na kitinda mimba, ambaye mwaka ule mambo yalikuwa yamemwendea kombo, akaleta soksi. Zilikuwa soksi nzuri tu, za joto. Lakini zilipowekwa kando ya ile televisheni zilionekana kama kitu kilichomdondoka mtu mfukoni. Kitinda mimba akanuna. Dada mkubwa akasema yeye hakumlazimisha mtu kuleta soksi. Wakwe wakaingilia, na chakula kikapoa watu wakinyoosheana vidole. Hapo ndipo Mama alipokata kauli: tangu siku ile, anayetaka kumpa mtu zawadi sikukuu aitengeneze kwa mikono yake, au aitoe katika vitu alivyo navyo, ilimradi ionekane kwamba amemfikiria huyo anayempa.

"Mwenye hela zake akanunue vya kwake," alisema. "Mimi nataka nione mtu amenikumbuka."

Watoto waliguna, halafu wakazoea. Dada mkubwa, ambaye kazini ni bosi na amezoea kutuma watu, alijifunza kufuma akiwa mtu mzima na sasa anafuma sweta ambazo mkono mmoja huwa mrefu kuliko mwenzake. Kitinda mimba anaitwa Redio, kwa sababu tangu alipoanza kuongea hakuna aliyewahi kuona anapozimwa. Yeye huwarekodi wajukuu wakimsalimia bibi yao mmoja mmoja, kisha anamwekea Mama kwenye simu. Mama husikiliza mpaka chaji inaisha.

Aliyetarajiwa kung'ara ni yule wa katikati, maana ni fundi wa makochi. Mtu mwenye karakana yake, sindano za kila namna na mafurushi ya vitambaa hana cha kujitetea. Kumbe ndiye aliyekuwa akiwaangusha wote. Mikono alikuwa nayo, muda ndio hakuwa nao. Sikukuu ilimkuta kila mwaka ametingwa na kazi za watu wanaotaka makochi yao yapendeze kabla wageni hawajafika, na jioni ya mwisho, akishakumbuka, aliokota vipande vilivyobaki sakafuni akashona mto. Mwaka mto, mwaka mto. Ikafika mahali mgeni akiingia sebuleni kwa Mama ilibidi kwanza ahamishe mito ndipo apate pa kukaa.

"Mto tena," Mama alikuwa akisema. "Asante, mwanangu. Nitautafutia mahali."

Kisha, katikati ya mwaka mmoja, Mzee, baba yao, akafariki. Fundi alizika, akakaa siku za msiba, akarudi kazini. Baada ya hapo alikwenda kumwona mama yake mara kwa mara, lakini mwendo wake ulikuwa ule ule wa siku zote: anasimama mlangoni na funguo za karakana mkononi, anauliza kama gesi ipo, kama dawa za presha zimeisha, anaondoka kabla maji aliyokaribishwa hayajafika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, na haraka yake ilikuwa haijamgharimu kitu bado.

Hata hivyo, sikukuu ilipokaribia, kitu kilimchoma. Ingekuwa ya kwanza bila Mzee. Mama alikuwa amekonda, na Redio, ambaye ndiye aliyebaki akiishi naye, alisema siku hizi anaongea kidogo. Fundi akapiga moyo konde: mwaka huu hapelekewi mtu mto. Mwaka huu mama yake atapata kitu cha kumpumzisha mwili na roho. Akafikiri sana, na kwa jinsi alivyokuwa fundi, mawazo yake yaliishia kwenye kiti.

Kilikuwa kiti cha Mzee, kochi la mtu mmoja lenye mikono ya mbao, limesimama karibu na dirisha tangu watoto wangali wadogo. Kitambaa chake kilikuwa cha kahawia, au labda kilianza na rangi nyingine. Mzee alikuwa na nyonga mbovu ya kulia, akawa anaelemea kushoto, na miaka yote ile ya kuelemea ilikuwa imechimba upande wa kushoto wa kiti kibonyeo kikubwa, huku upande wa kulia ukibaki umeinuka. Kwa fundi wa makochi, kile kiti kilikuwa fedheha. Wateja waliowahi kufika pale nyumbani walimtania kwamba anavalisha makochi ya mji mzima na baba yake anakalia kichaka. Mara ngapi aliomba akitengeneze! Mzee alikuwa anakataa bila kuinua macho.

"Hiki kinanijua," alisema. "Wewe shughulika na vya wateja."

Sasa Mzee hakuwepo wa kukataa. Siku chache kabla ya sikukuu Mama alikwenda kwa dada mkubwa, apelekwe kupima macho na akae huko mpaka siku yenyewe, na fundi akaona huo ndio mwanya. Alikuja na mkokoteni, yeye na Redio wakakibeba kiti, na Redio akapewa onyo kali kwamba akifungua mdomo atakiona cha mtema kuni.

Kazi yenyewe fundi aliifanya kwa moyo wote. Alikiweka kiti juu ya meza ya kazi, akang'oa misumari mmoja mmoja kwa koleo, akavua kitambaa, akatoa gunia la chini. Kwenye mikunjo ya kiti alikuta kalamu, kitana, kifuniko cha betri za redio na karatasi za peremende, nyingi, zimekunjwa zikawa ndogo ndogo na kusokomezwa ndani kabisa. Mzee alikuwa na sukari, na daktari alimkataza vitu vitamu. Fundi alicheka peke yake mpaka akashika mbavu, halafu akashika tama kidogo, halafu akaendelea na kazi.

Akafika kwenye sponji. Mafundi wana neno lao kwa sponji iliyofika hali ile: imekufa. Ilikuwa imegeuka manjano, inameguka kama mkate mkavu, na kile kibonyeo cha kushoto kilikuwa kimefika karibu na mbao. Hakuna fundi duniani anayeacha sponji iliyokufa ndani ya kiti. Aliitoa, akaitupa kwenye pipa pamoja na karatasi za peremende, na asubuhi yake gari la taka likapita. Akafunga mikanda mipya ya kubeba sponji, akaivuta mpaka ikalia kama ngoma. Akaweka sponji ngumu ya daraja la kwanza, iliyobaki kwenye kazi ya viti vya hospitali moja. Juu yake akavalisha mahameli ya kijani, masalio ya oda ya hoteli, iliyotosha kiti kimoja tu bila kipande kuzidi. Hakununua hata msumari. Sheria ya Mama aliifuata herufi kwa herufi, na kiti kilipokamilika alikizunguka akikitazama kwa muda mrefu, akajiambia kwamba hajawahi kufanya kazi safi kama ile kwa mtu anayemlipa.

Siku ya sikukuu alikifunika kwa shuka, na Mama alipoketi na wanawe wote, akaivuta. Watu walipiga makofi. Dada mkubwa alisema sasa sweta yake haina hata haja ya kufunguliwa. Watoto walitaka kupapasa mahameli, wakafukuzwa.

"Kaa basi, Mama," wakasema.

Mama alikaa. Aliketi katikati, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Akapapasa upande wa kushoto, polepole, kisha akaacha.

"Kimekuwa kizuri," alisema. "Asante sana, baba. Umefanya kazi kubwa."

Akanyanyuka akaenda jikoni kuangalia wali. Fundi alishinda siku nzima kichwa kimemvimba. Wakati wa kurudi nyumbani mke wake alimwambia, "Mama hakuegemea, uliona?" naye akajibu kwamba kiti kipya lazima mtu akizoee.

Wiki moja baadaye alipita na mtungi wa gesi. Akakuta kiti kimefunikwa ile ile shuka, na Mama yuko jikoni kwenye kigoda, sahani mapajani.

"Mbona hukalii kiti chako?"

"Nisikichafue," alisema Mama.

Na hapo, jamani, yule bwana akafurahi. Aliona mama yake anakithamini mno kiasi cha kukihifadhi. Alitoka akipiga mluzi. Akapita tena, shuka ipo, kigoda kipo. Mara ya tatu Mama alikuwa na koti la nyumbani ambalo zamani lilimbana na sasa lilimpwaya, na chakula chake kilikuwa hakijaguswa. Fundi akamuuliza anaumwa nini. Mama akasema haumwi popote.

Redio ndiye aliyemwaga mtama. Alimsindikiza kaka yake hadi kwenye lango na kwa mara ya kwanza maishani alitafuta la kusema asilipate. Kisha likatoka lote kwa mkupuo.

"Kaka, nilikuwa sitaki kusema. Tangu Mzee afariki Mama alikuwa anakaa kwenye kile kiti kila jioni. Akishamaliza kula anaingia pale. Yaani anaingia, sio kukaa. Upande wa kushoto, kwenye lile shimo la Mzee, anakunja miguu, anaegemea hivi. Anaongea maneno mawili matatu, anasinzia, ndio anaenda kulala. Sasa hivi halali. Namsikia anatembea tembea tu."

"Kwa nini hukuniambia tulipokuwa tunakibeba?"

"Ulisema nifunge mdomo. Na mimi nilidhani unabadilisha kitambaa. Ningejua kwamba utamtoa Mzee mle ndani umtupe!"

Maneno yale yalimwingia fundi mpaka kwenye mifupa. Alisimama langoni na funguo mkononi, akajiona mjinga kuliko wajinga wote aliowahi kukutana nao kazini, na anakutana nao wengi. Kosa lake lilikuwa la kifundi kabisa. Seremala asingelifanya, wala dobi. Mtu yeyote asiyejua sponji angevalisha kiti kitambaa kipya akaliacha shimo lilivyo. Ni yeye tu, kwa ujuzi wake na kwa mapenzi yake, aliyeweza kumnyang'anya mama yake mahali pa mwisho pa kukaa na mumewe, tena kwa zawadi.

Kulia hakulia. Alifanya kama wafanyavyo mafundi, alitafuta namna ya kurekebisha. Jioni iliyofuata alifika na mfuko wa vifaa na sponji laini, akamwambia Mama kuna kitu kwenye kiti hakikukaa sawa. Akakipindua, akafungua kwa chini, akatoa ile ngumu. Kisha akachukua kisu kirefu cha sponji, akafumba macho kukumbuka, akachonga. Alichonga kibonyeo cha kushoto, kirefu kuelekea nyuma, na upande wa kulia akauacha umeinuka. Alikuwa na kumbukumbu nzuri ya maumbo, kazi yake inataka hivyo. Akafunga, akakisimamisha kiti.

"Jaribu, Mama."

Mama alimtazama, akaelewa kila kitu, kisha akamtazama Redio aliyekuwa anachungulia kutoka ukumbini, naye akajificha. Mama akakaa, akateleza kushoto, akakunja miguu. Kisha akashusha miguu chini.

"Hapana," alisema. "Hili ni shimo tu."

"Nipunguze kidogo huku nyuma?"

"Mwanangu, sikiliza. Baba yako hakukichonga hiki kiti. Alikikalia."

Fundi alipiga magoti palepale, na kisu chake mkononi. "Nisamehe, Mama. Sikujua."

"Ungejuaje? Hujawahi kukaa humu ndani ukaona nani anakaa wapi." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini maji hayatoki bombani, na pengine ndiyo sababu fundi alishindwa kuinua uso. "Toa hilo shimo. Weka bapa tu."

Akatoa. Akaweka sponji laini, bapa, akafunga kwa mara nyingine, akaanza kukusanya vifaa.

"Unakwenda wapi?"

"Nimemaliza, Mama."

"Umemaliza nini? Kaa."

"Wapi?"

"Hapo. Mwili unao wa baba yako, kiuno hicho hicho. Wewe umekiharibu, wewe utakikalia mpaka kirudi. Kesho pia uje. Na hiyo simu iweke kule."

Kwa hiyo akakaa, mtu mzima na mvi zake, kama mtoto aliyeambiwa asinyanyuke mpaka amalize chakula. Mama alivuta kigoda chake kutoka jikoni, akakaa upande wa pili na ungo wa maharage, akawa anachambua. Fundi alihesabu kazi zilizokuwa zinamngoja karakanani, akatikisa mguu, akakohoa. Mama alisema kiti hakiwezi kubonyea ikiwa mtu anatikisika tikisika. Giza lilipoingia akamruhusu aende.

Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Mwanzoni alikuja kwa kujilaumu, halafu kwa mazoea, na baada ya muda mke wake akawa anamwekea chakula bila kuuliza kwa nini amechelewa. Wateja walinung'unika kwamba siku hizi fundi anafunga mapema. Huko sebuleni maneno yalianza taratibu, kama bomba lililokauka muda mrefu: kwanza hewa, kisha tone, kisha maji yenyewe. Mama alimweleza jinsi Mzee alivyokipata kile kiti kwenye ofisi iliyokuwa inahama, akakibeba kichwani mpaka nyumbani huku mvua inanyesha. Alimweleza kuhusu peremende, kwamba alizijua zote, na kwamba nyingine alizinunua yeye. Siku moja, akiwa anafunga mlango wa kabati, alimwambia pia kwamba mito haipendi na hajawahi kuipenda. Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaondoka na mito yote akaigawa kwa wateja. Sebule ikawa na nafasi ghafla.

Mama alianza kumaliza sahani yake. Lile koti la nyumbani likaacha kumpwaya. Fundi aliona, akaridhika, na bado aliona kazi haijaisha kwa sababu hakuwahi hata mara moja kumwona mama yake amekaa kwenye kile kiti.

Sponji laini haina maisha marefu, na fundi aliijua kama anavyojua kiganja chake. Ile aliyoiweka ilianza kulegea mapema, na mvua za mwaka uliofuata zilipokatika ilikuwa imebonyea vya kutosha. Tena ilibonyea upande wa kulia. Fundi hana nyonga mbovu. Ana mazoea ya kuegemea mkono anaoshikia nyundo, basi. Alipoligundua hilo alikosa raha. Kazi yote ile, na shimo limetokea upande usio wa Mzee. Jioni hiyo akitoka, akamwambia Redio langoni kwamba anadhani ameshindwa, kwamba kile kiti hakiwezi kuwa cha Mzee tena, na pengine amwambie Mama ukweli amwachie apumzike.

Redio alimshangaa.

"Wewe hujui?"

"Nijue nini?"

"Ukifunga hilo lango tu, anahamia pale. Hata kigoda hajarudisha jikoni. Anakaa upesi upesi, anasema anakiwahi kabla hakijapoa. Anajikunja upande wa kulia, huo huo wako, anasinzia. Mimi ndiye ninayemwamsha aende kitandani. Nilidhani mnajuana."

Fundi alitembea kwa miguu njia nzima ingawa mabasi yalikuwepo.

Kesho yake alifika mapema kuliko kawaida, karakana ikiwa imejaa kazi. Alisimama mbele ya kiti, akakibonyeza kwa kiganja jinsi anavyofanya mbele ya mteja anayekuja kuchukua mzigo wake. Mkono ulizama wote.

"Mama, naona hiki sasa kiko tayari," alisema. "Njoo ukijaribu."

Mama aliweka ungo chini, akaja, akakibonyeza naye. Aliubonyeza upande wa kushoto uliokuwa umeinuka, akarudi kulia, akauacha mkono wake mle ndani kwa muda. Hakumtazama mwanawe.

"Bado," alisema.

Fundi ni mtu aliyeishi kwa kuwaambia wateja waje kesho, na uongo wa namna ile anautambua hata kabla haujatoka mdomoni. Alimpenda mama yake wakati ule kwa namna iliyomuuma.

"Kweli, Mama. Bado kidogo," alisema, akaweka simu kule kabatini, akakaa.